Ubao wa Mke wa Mjomba

Nikisikia harufu ya mabibo yaliyokamuliwa, magoti yangu hukunjika yenyewe.

Mke wa mjomba, aliyeolewa Newala kutoka pwani, alidai kwao yeye ndiye mwanamke wa kwanza kusimama juu ya ubao kwenye mawimbi. Bibi alicheka.

"Muongo wewe. Huku bahari iko wapi tukuone?"

"Bahari hamna, mama, lakini makapi ya mabibo yapo, nayo yanateleza."

Akayamwaga mteremko mzima, akavaa suruali ya mtumba, akang'oa mlango wa banda la kuku. Alishuka amesimama juu yake, magoti kayakunja, mikono kama mwewe, mpaka kwenye mihogo. Hakuanguka.

Watoto tulishangilia, kuku wakatoroka. Bibi akajifunga kibwebwe.

"Nishike mkono, mkwe wangu. Haya magoti nayakunjaje?"