Kibali cha Kuwinda Kanga

Juzi nilikuwa ofisi ya kijiji kule Kasekese, mwanangu mgongoni, nikisubiri mhuri. Mbele yangu mfanyabiashara wa Mpanda mjini, mwenye baraghashia, alimwonyesha mkulima kibali chake cha kuwinda kanga. Aliomba kuwindia shambani kwake.

Mkulima hakuigusa ile karatasi. "Kibali kinawajua kanga, bwana. Hakiwajui watoto wangu. Wanaokota uyoga humohumo."

"Basi nitajie siku ambayo hawamo, mzee wangu."

"Jumapili asubuhi. Wote tunakuwa kanisani."

Yule bwana akaikunja karatasi taratibu. "Kabla sijashika bunduki nitakuja kanisani, niwaone kwa macho yangu."

"Wewe, kanisani?"

"Mlangoni tu, mzee. Msije mkanibatiza."

Mkulima akacheka kidogo, kisha akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akawa hamwachii. "Mdogo kabisa huvaa gauni la njano. Huyo mwangalie vizuri. Huwa anatoroka ibada."

"Nisipomwona, siwindi."

Wengi wetu tukishapewa kibali huona hatuna tena wa kumwomba. Huyu aliomba tena, akaondoka amekabidhiwa mtoto.