Leso Tangu Lisbon Hadi Marseille

Binti yangu alipojifungua, nilirudi Mombasa. Nilikuwa nimepika melini miaka kumi na minane, na kila nilipopiga simu nilimwambia nakuja mwezi ujao. Hakuniamini tena. Dada yangu, aliyemlea, alinionya mapema: "Mjukuu utamwona. Kumpakata, hilo analijua mwenyewe mama mtu."

Nilipita Biashara Street nikanunua doti ya leso nyekundu, nikaingia nayo Mji wa Kale. Binti yangu aliipapasa akaiweka chini.

"Ahsante, baba. Lakini bado ngumu kwa dondo la kiwandani. Itamkwaruza mtoto."

"Mtoto mchanga hufunikwa leso kuukuu, kaka," dada yangu alicheka. "Hata hilo limekupotea?"

Nikaomba beseni. Nilikaa uani nikifua, maji yakigeuka mekundu kila nikibadilisha, na kwa kuwa kimya kilinilemea, nikaanza kusimulia habari za neno lenyewe. Leso tuliachiwa na Wareno, wale wa Ngome ya Yesu. Lisbon bado wanasema *lenço*, nacho ni kitambaa cha kichwani au cha kufutia jasho. Wahispania wana *lienzo*, kitambaa anachochorea mchoraji. Genoa, dobi wa bandarini aliniomba *lenzuolo*, nikampa taulo. Kumbe alitaka shuka za kitandani. Baadaye nilisoma kwamba yote yametoka kwenye jina la kitani kwa Kilatini.

"Neno limezurura kukushinda," alisema binti yangu. Alikuwa amesogea mlangoni, mtoto kifuani. "Na Wafaransa?"

Mikono yangu ilisimama ndani ya povu. Lao ni *linceul*. Nililisikia Marseille, siku alipofariki mwenzetu wa jikoni. Si neno la kumtajia mzazi ambaye hajamaliza arubaini. Ningeweza kusema ni pazia, na nani angejua?

"Ni sanda," nikasema.

Dada yangu alisonya. "Huyu naye. Mbele ya mtoto."

Binti yangu alimsogeza mtoto begani. "Nilidhani utanipa jawabu zuri," alisema. "Kwenye simu hukukosa hata siku moja."

Nikarudi kuisugua leso.

"Kausha mikono, baba."

Nikaifuta kwenye shati. Aliniwekea mtoto mapajani, akanisogeza kiwiko mpaka kichwa kikakaa sawa. Kisha akaingia ndani kulala, akatuacha.