Kiota Kilichochorwa Mlango Juu

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Baba yako akisoma hapa atanuna, lakini ndiyo kweli. Mwanangu, wewe bado uko tumboni, umebakiza wiki tisa, na mimi kungoja sijawahi kujua. Basi naanza kukushauri sasa hivi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza sekondari hapa Sundbyberg, pembeni mwa Stockholm, nikapata kazi ya likizo kwenye jumba moja la makumbusho mjini. Walikuwa wametundika picha za ndege na wanyama wa Afrika zilizochorwa enzi za ukoloni. Wachoraji wengi hata Afrika hawakuwahi kufika. Walikaa hapahapa Stockholm, wakaletewa ndege waliokaushwa ndani ya masanduku, wakachora. Na kuchora walijua, jamani! Unyoya mmoja mmoja. Ukimwangalia yule kasuku wa kijivu unataka kumpa karanga.

Bosi wangu, Kerstin, alitaka watu wa kwetu nao waje kuona. Akaniambia nitembeze kikundi kimoja kwa Kiswahili, na nikifanya vizuri, kazi ya wikendi itakuwa yangu mpaka mwaka uishe. Mwanangu, niliitaka hiyo kazi! Mara ya kwanza tangu nizaliwe, Kiswahili cha mama kilikuwa kitu cha kuajiriwa nacho. Nikaandika kurasa nane. Picha kumi na mbili, dakika nne kila moja. Nikazikariri mbele ya kioo na saa mkononi. Mama akaniambia mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nikamwambia anipishe, ananipotezea muda.

Wazee wa kanisa letu wakaja na treni kutoka Hjulsta, watu kumi na wanne, Wakenya na Wakongo, wamependeza kama wanaenda kutoa mahari. Walikuwa wamechelewa dakika ishirini. Na kabla sijawasalimia vizuri, mama mmoja ananiuliza kama nimekula. Kwa hiyo nilianza nikiwa tayari nakimbia.

Sasa kosa langu lilikuwa hili. Niliwaambia, kama nilivyosikia wenzangu Waswidi wakiwaambia wageni wao, "Naomba maswali yote tuyaache mpaka mwisho." Wakanyamaza. Wazee wetu hawa, ambao hata mahubiri hawawezi kuyasikiliza bila kuitikia! Nikajiona nimewaweza.

Picha ya tano ilikuwa ya mnana, yule ndege mdogo wa manjano mwenye uso mweusi, ametua kando ya kiota chake. Nikafungua mdomo niseme, nyuma mtu akacheka. Alikuwa Papa Byamungu, mzee wa Kikongo kutoka Uvira, dereva wa basi aliyestaafu. Kanisani ni mtu mkimya. Lakini siku hiyo alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mulango iko juu!" akasema. "Angalieni! Mvula itajaa, batoto batakufa mu mayi!"

"Ai, kweli!" Mama Auma, mmoja wa wale Wakenya, akapiga makofi. "Hicho si kiota, ni bakuli ya supu!"

Wakapasuka wote kwa kicheko.

"Papa, tafadhali," nikasema, na sauti ikanitoka kali. "Tulisema maswali mwisho."

"Si swali, mutoto yangu. Mi niko nakusaidia."

"Tuna dakika mbili tu."

Kerstin alikuwa amesimama mlangoni. Akanisogelea, akaniuliza kwa Kiswidi wanacheka nini. Na mimi, kwa kuogopa aone nimeshindwa na kikundi, nikamjibu kwamba wamefurahishwa na rangi.

Umeona? Ndani ya dakika moja nimemnyamazisha mzee na nimemdanganya bosi.

Ila Papa Byamungu Kiswidi alifundishwa na abiria wa basi miaka ishirini. Alisikia kila neno. Hakunigombeza mbele ya watu. Alingoja wenzake wamzunguke kasuku, akaniita pembeni kwa kidole.

"Unajua nani alishika ule ndege?"

Nikataja jina lililoandikwa kwenye kibao, la ofisa mmoja wa Kiswidi. Nilikuwa nimelikariri vizuri sana.

"Hapana. Huyo alileta sanduku, na hata sanduku pengine alibebewa. Ndege alishikwa na mutu wa kwetu. Kiota, ni yeye alikata. Alijua mulango iko wapi. Hakuna mutu alimuuliza." Akanitazama. "Na wewe leo mutu wa kwetu iko mbele yako, anakwambia. Unaangalia saa."

Mwanangu, wanasema penye wazee haliharibiki neno. Lakini ni pale wazee wanapoachwa waseme. Machozi yalinilenga. Nikamwambia, "Nisamehe, Papa."

"Mimi nishasamehe. Ule mama wa pa mulango, huyo umemudanganya."

Nikaenda. Nikamwambia Kerstin yote, kwamba nimesema uongo, na kwamba wanacheka kwa sababu kiota kimekaa kichwa chini. Niliona kabisa kazi inaondoka. Akaniangalia, uso umemwiva, akasema kudanganywa hapendi. Halafu akaenda kwenye picha, akapinda shingo hivi, akapinda tena mpaka miwani ikataka kudondoka.

"Mwombe anieleze," akasema.

Wee! Papa Byamungu alieleza nusu saa nzima, mimi natafsiri tu. Dume anaanza na pete ya majani, ananing'inia humo, anasuka kuzunguka. Mlango anauelekeza chini, mvua isiingie na nyoka apate shida. Kisha jike anakuja kukagua, anavuta hapa, anavuta pale. Asipopenda anaruka zake, na dume anakibomoa kwa mdomo wake mwenyewe, anaanza upya.

"Haleluya!" wakaitikia kina mama, na Mama Auma akamgeukia mumewe. "Umesikia, Baba Auma? Anabomoa! Wewe yale makabati ya jikoni mpaka leo yamepinda, na unasema ni sakafu!"

Kerstin alicheka hata kabla sijatafsiri. Akatoa kalamu, akaandika. Akasema huenda kiota kilifika peke yake sandukuni, kimekauka, na mchoraji akakiweka tawini kama viota alivyovijua vya huku. Picha saba zilizobaki tulizimaliza baada ya saa mbili, kila mzee na lake. Kurasa zangu nane sikuzisoma tena.

Jumatatu Kerstin akaniita, akanipa kazi, kwa sharti moja: nisimwambie tena mgeni yeyote angoje mwisho. Na kando ya picha kikawekwa kibao cha pili, kwa Kiswidi na Kiswahili, kinachoeleza mlango wa mnana uko wapi na nani ametuambia. Papa Byamungu alikuja kupigwa picha nacho, amefunga tai shingoni, na wajukuu sita.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, hata kama utanijibu kwa Kiswidi kama watoto wote wa hapa. Soma, mwanangu, kariri ukitaka, lakini aliyeona kwa macho yake akifungua mdomo, wewe funga wako. Ukimkata mtu mzima neno, mrudie siku hiyohiyo, usingoje kesho. Na ukidanganya kwa kuogopa aibu, sema kweli wakati aibu bado ni ndogo, maana ikikua hutaiweza. Wala usiogope kuchekwa. Kuna kucheka kwingine ni mtu anakufundisha.

Mungu akuweke katikati ya watu watakaokusahihisha kwa upendo, akupe na moyo wa kucheka pamoja nao. Akupe umri mrefu, uone mengi, mpaka nawe uwe mzee, na siku utakayosema neno, vijana wanyamaze wakusikilize. Amina.