Fainali Ambayo Kocha Hiro Hakuianza

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Kigoma hatuhitaji kuelezwa mpira ulikuwa nini. Ulikuwa mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye magunia ya mgao, na mwenye mpira ndiye aliyepanga timu, hata kama hajui kupiga teke. Tulicheza pekupeku kwenye vumbi jekundu mpaka miguu yetu ikawa haitofautiani na udongo. Asubuhi uji wa soya, mchana maharage, jioni maharage yale yale yaliyopashwa moto, na hakuna mtoto aliyesema hataki. Leo mwanangu anafungua friji iliyojaa, anasimama mbele yake kama anayesoma gazeti, anaifunga, kisha ananiambia kwa Kiingereza kwamba hakuna kitu cha kula.

Katika maisha hayo ndipo alipoingia Kocha Hiro. Alikuwa Mjapani, mfupi, aliyeletwa na shirika moja kutufundisha michezo. Habari zake alitupa mwenyewe, tukiwa tumekaa juu ya matofali ya darasani. Kwao alicheza mpira miaka tisa, beki wa kulia, katika timu ya mji mdogo wa wavuvi. Kwa miaka yote tisa alifunga bao moja. "Nalo liliingia kwa bahati," alisema, akatuonyesha kwa mguu jinsi lilivyogonga mwamba. Kisha goti likaharibika, akawa kocha wa watoto wa shule, na baadaye akatufikia sisi. Tulishangaa mtu mzima anayesimulia bao moja kwa furaha namna ile. Butoyi, kapteni wetu, alifunga matatu kwa wiki.

Kiswahili chake alikitoa kitabuni, kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. "Tafadhali, kijana, mpira huu si adui yako." Tulimwigiza mpaka mabibi kwenye foleni ya maji wakashika mbavu. Lakini masharti yake hayakuwa na mchezo. Kabla ya kuingia uwanjani lazima tuuinamie uwanja. Mama yangu, mlokole wa kweli kweli, aliposikia tunainamia udongo alikuja mbio, kitenge kiunoni, kumuuliza huyo ni mungu gani. Kocha akamwinamia na yeye. "Mama, tunaushukuru tu." Mama alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo akawa anampelekea maharage. Baada ya mechi tulifagia uwanja, vumbi juu ya vumbi. Na sharti kubwa kuliko yote: mechi haianzi mpaka wote tufike. Mmoja akikwama kwenye foleni ya maji tunamsubiri, wapinzani watukane wanavyotaka.

Mwaka mmoja tuliingia fainali. Washindi wangepewa kibali cha kwenda Kasulu kucheza na wanafunzi wa mjini. Wewe uliyekulia kule unajua kibali cha kutoka kambini kilikuwa na maana gani. Butoyi alizaliwa mle ndani, hakuwahi kuona barabara ya lami. Mimi, Bosko, ndiye niliyekuwa golikipa.

Wiki hiyo hiyo Mama aliitwa ofisini, akaambiwa siku yetu ya kwenda Amerika. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya fainali. Na desturi yetu mnaijua: siku ya safari haitajwi. Tuliamini kwamba ukiitaja, kuna mtu atakwenda ofisini kukuzushia kwamba wewe si Mrundi, au kwamba watoto si wako, na kesi yako ya kuhamia ifungwe. Familia zilikuwa zinaondoka, jirani anakuja kuomba chumvi anakuta nyumba tupu. Mama alinishika sikio. "Bosko, mdomo wako ukifunguka, tutazeekea hapa." Ijumaa nikafanya mazoezi na wenzangu kama kawaida. Butoyi alisema tukifika Kasulu tutakula chipsi. Nikamjibu, na mayai juu. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ndani ya basi, nikilia kwenye mkono wa shati.

Yaliyofuata nilisimuliwa miaka mingi baadaye na Fidele, beki wetu, ambaye sasa anaishi Columbus, huku huku Amerika. Kocha alikataa kuanza bila mimi. Watoto kumi walisimama juani saa nzima, kisha refa akawapa wapinzani ushindi. Butoyi alilia mpaka akatapika. Sasa yuko Buffalo, kule West Side, na simu zangu hapokei.

Mimi niko Louisville, mtaa wa Beechmont. Ghalani naskani maboksi, nikirudi mke wangu ndiyo kwanza anatoka kwenda zamu yake, tunasalimiana mlangoni. Jirani nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka sita na ninachokijua ni kikohozi chake. Nina upweke, sioni haya kusema. Ukiniuliza marafiki zangu ni nani, nitakutajia watoto kumi wa zamani.

Halafu Fidele akanipigia. "Bosko, kaa kwanza. Kocha Hiro yuko hapa." Binti wa mzee huyo ameolewa Columbus, mkwe wake yuko kiwanda cha magari, na mzee amekuja kukaa nao na Jumamosi anafundisha watoto wa mtaani. Kutoka kwangu ni saa tatu na nusu kwa gari. Nikasema nakuja. Kisha nikasema kuna ovataimu. Kisha gari bovu, kisha theluji. Miezi minane ikapita hivyo. Niliona aibu, basi. Mwishoni Fidele alichoka. "Mwezi ujao anarudi kwao, harudi tena huku. Usipokuja, na mimi usinipigie."

Nikaenda. Nilimkuta nywele nyeupe, anachechemea, akiwasimamia watoto waliokuwa wakifagia majani uwanjani huku wakinung'unika. Aliniita jina langu kabla sijafika. Nikaanza hotuba niliyoipanga njia nzima: "Kocha, siku ile ya fainali..."

Akainua mkono. "Nilijua kwamba hutakuja," alisema. "Siku ya Ijumaa jioni mama yako alikuja kwangu. Alisema, mwanangu nimemkataza kukuaga, kwa hiyo nimekuja mimi."

Mama alishafariki, tumemzika hapa hapa Louisville, na hakuwahi kunidokeza neno.

"Sasa, Kocha, kwa nini uliwasimamisha watoto juani?"

"Kama ningeanza na watu kumi, wote wangeona kwamba ninajua. Wangeniuliza uko wapi. Mimi siwezi kusema uongo kwa Kiswahili." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nilifikiri basi lenu bado liko njiani. Niliona ni afadhali tushindwe. Butoyi alinikasirikia sana, na mimi sikumweleza."

Nililia mbele ya watoto wa watu. Fidele akajifanya anafunga kamba za viatu.

Kocha ameshaondoka. Niliporudi nilimtumia Butoyi ujumbe wa sauti, dakika tisa, nikimweleza kila kitu, hata chipsi na mayai. Simu inaonyesha ameusikiliza. Leo ni siku ya kumi na hajajibu. Wanangu wananiambia niache, ati ukimtumia mtu asipojibu unamfuta tu, maisha yanaendelea. Wao wana marafiki mia saba, na mwaka jana mmoja wao alipovunjika mkono hakuja hata mmoja kumjulia hali.

Kule kambini Butoyi alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kati yetu hapakuwa na ukuta zaidi ya turubai. Tulipigana asubuhi, na mchana tulikuwa tunakula sahani moja, tumenuniana, mikono inagongana kwenye ugali, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Siku hizi tumepewa nafasi. Kutoka Beechmont hadi Buffalo, mtu anaweza kumkasirikia mwenzake kwa raha zake mpaka mmoja afe.