Picha pekee ya mama yangu, na kwa nini uso wake haumo

Wakuu, habari za humu.

Kwa haki ningengoja ninyi mniamkie kwanza, maana nimevuka miaka themanini na wengi wenu mngekuwa wajukuu zangu. Ila nimeambiwa humu ndani hakuna mkubwa wala mdogo, kila mtu ni mkuu. Basi nawasalimu wote. Atakayeniamkia nitamwitikia.

Mimi ni Bibi Kashinje. Simu ni ya mjukuu wangu Wande, yeye ndiye aliyeniunga humu, lakini ninaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza ngumbaru, kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari nina watoto sita, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Juzi mkuu mmoja alianzisha uzi wa picha za zamani za Usukumani. Nimeziangalia zote, moja moja, nikizikuza kwa vidole kama Wande alivyonifundisha. Yeye alidhani nafurahia nguo za zamani.

Nilikuwa natafuta uso wa mama yangu.

Nawasimulia kilichotokea. Sitaongeza chumvi, na picha yenyewe ninayo hapa mapajani.

Kwetu ni Kishapu. Miaka ya hamsini nilikuwa msichana wa kama miaka tisa. Baba yangu aliitwa Nkwabi. Mama aliitwa Ngolo, lakini watu wote walimwita Mama Mabula, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Baada ya Mabula nilifuata mimi, kisha Limi, kisha Jilala ambaye wakati huo alikuwa bado mgongoni.

Kashinje kwetu ni jina la mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu. Mama alikuwa akisema, "Huyu toka tumboni aligoma kuinamisha kichwa." Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Siku hizo watu wengi walikuwa wanahama kwetu kwenda Geita. Ardhi ilikuwa imechoka, majani ya ng'ombe hakuna, na serikali ilikuwa imeleta amri ya kupunguza mifugo. Wanaume wakaenda kukaa chini mbele ya baraza la mtemi. Hawakumpiga mtu, hawakumtukana mtu. Walikaa tu juani, wakawa wanatazama mlango.

Nawakumbuka. Baba yangu Nkwabi, Maduhu, Sayi, Masanja wa kisimani, Ng'wana Gamaya na nduguye kilema, Lubango. Hata maksai wetu wawili nawakumbuka majina, Sigara na Bendera. Majina hayajawahi kunitoka kichwani.

Basi pale barazani alikuwepo mtu wa picha. Tulimwita Fundi Athumani. Alikuwa mtu wa Tabora, mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, anatembea na baiskeli, na nyuma ya baiskeli amefunga sanduku la mbao lenye miguu mitatu.

Penye watu wengi utamkuta. Kwenye mbina, yaani zile ngoma zetu za kushindana baada ya mavuno, yupo. Kwenye soko la pamba yupo. Vijana wanaoaga kwenda kuchimba dhahabu Geita, anawapanga mstari na vifurushi vyao kichwani.

Watu walimtania sana. Siku ile barazani Maduhu alimwambia, "Fundi, kwenu Tabora hamna watu? Unakuja kupiga picha wazee wamekaa?"

Fundi akasema, "Wakisimama, nitawapiga wamesimama."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Nadhani ndipo alipompenda, maana alimwomba siku ya kuhama kwetu apite nyumbani apige picha moja ya familia, ibaki kwa bibi mzaa baba. Bibi alikuwa amekataa kuhama.

Siku ikafika. Mkokoteni umeshapakiwa, Sigara na Bendera wamefungwa nira. Fundi akasimamisha sanduku lake uani. Baba akakaa kwenye kigoda, Mabula akasimama nyuma yake, mimi na Limi kushoto.

Mama hakuwepo. Alikuwa nyuma ya nyumba akifunga vyungu kwa majani visivunjike njiani. Baba akamwita, akamwita tena. Fundi tayari alikuwa amejifunika kile kitambaa cheusi, kichwa chote kimo ndani.

Mama akaja mbio, Jilala mgongoni, akaingia mstarini karibu yangu.

Sasa wakuu, hapa vijana mnielewe. Mwanamke wa Kisukuma aliyelelewa hawezi kusimama mbele ya mtu mzima ambaye hajamwamkia. Anapiga goti, anainamisha kichwa, anasalimia, anabaki chini hivyo hivyo mpaka aitikiwe. Akiitikiwa ndipo anainuka. Mama alikuwa hajawahi kukutana na Fundi ana kwa ana. Na Kiswahili chake kilikuwa maneno machache, shikamoo likiwa la kwanza.

Akaninong'oneza, "Kashinje, piga goti."

Nikakataa. Nilikuwa nimepakwa samli, nimevaa shanga, nataka nionekane. Nikakaza shingo, yule yule aliyegoma kuinamisha kichwa toka tumboni.

Mama akaniwekea mkono kisogoni, akashuka yeye mwenyewe ili nimwone nimfuate. Akasema, "Shikamoo baba."

Ndani ya kitambaa kimya. Mkono wa Fundi ulikuwa umeshatoka nje na kuvua kile kifuniko cha jicho la sanduku.

Mama akabaki chini, anangoja.

Mkono ukarudisha kifuniko. Fundi akatoa kichwa, akasema, "Marahaba mama." Mama akainuka, akatazama mbele na uso wake wote, akawa tayari kupigwa picha.

Fundi alikuwa na bati la dawa humo humo ndani ya sanduku. Akaisafisha picha, akaitundika kwenye mwiba wa mgunga ikauke. Tukaizunguka wote.

Baba yumo. Mabula yumo. Limi amefumba jicho moja. Jilala anachungulia juu ya bega la mama, macho kama ya bundi. Mimi nimetoka vizuri kuliko wote, kidevu juu.

Mama ni kilemba tu, mabega, na mkono wake kwenye kisogo changu.

Baba akasema, "Mama Mabula, sura umeiweka kwenye mkokoteni?"

"Nilikuwa nasalimia," mama akasema, huku anacheka.

Jirani yetu Mama Holo, ambaye naye alikuwa anahama pamoja nasi, akadakia, "Jamani, mwenzetu anaamkia sanduku."

Mama akamjibu, "Sanduku lina baba wa watu ndani."

Watu wakaangua kicheko. Fundi peke yake hakucheka. Alimwangalia mama, kisha akafungua pakiti yake ya karatasi ikawa tupu. Akasema, "Zimeishia kwa wale wa barazani. Lakini mama, nitawafuata huko huko Geita. Kila mwisho wa mwezi huwa nafika mgodini. Nitakupiga wewe peke yako."

"Njoo," mama akasema. "Safari hiyo nitakuamkia mapema nimalize."

Bibi akaitazama ile picha, akairudisha kwa baba. "Nendeni nayo," akasema. "Nitachukua hiyo nyingine, yenye mkwe wangu."

Tukaondoka. Tulipita Solwa, tukapita Mwakitolyo, ambako leo nasikia kumechimbika kila mahali, siku hizo pori tupu. Bendera alifia njiani. Tulipofika Geita tulipewa msitu, tukaukata wenyewe. Kutoka hapo mpaka mgodini ni mwendo wa nusu siku.

Mama alikuwa na kanga moja nzuri, nyekundu, yenye miraba myeupe. Aliifua, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya kapu. Tukiigusa anasema, "Acheni, hiyo ya Fundi."

Kila mwisho wa mwezi alinituma niende kwenye njia panda kutazama baiskeli. Nilikuwa naenda na Limi. Tulijua baiskeli zote za upande ule: ya katekista, ya mnyapara, ya muuza chumvi. Ya Fundi haikuja. Nikirudi mama ananiangalia tu mikono, kama vile ningekuwa nimeishika picha, kisha anasema, "Mwezi huu barabara ni mbaya."

Mvua za mwaka wa pili mama akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mama Holo alikuwa naye siku mbili. Mtoto hakukaa, na mama hakukaa.

Sitaandika zaidi hapo.

Wakati wa kumvika, wanawake walikuwa wanatafuta nguo. Baba akaenda mwenyewe kwenye kapu, akaitoa ile kanga. Akaishika muda. Akasema, "Mpeni ya Fundi."

Fundi Athumani alikuja kiangazi kilichofuata. Mguu mmoja alikuwa anaburuta, alisema alianguka na baiskeli huko Kahama akalala miezi mingi. Alifika akauliza kwa sauti ya furaha kabisa, "Yuko wapi yule mama aliyeniamkia?"

Baba alimvutia kigoda.

Fundi alikaa pale mpaka chai ikapoa. Halafu akafungua sanduku bila kuambiwa. Akatupanga. Baba akanisogeza mimi pembeni, akasema, "Acha nafasi hapo." Picha hiyo ilipigwa ikiwa na nafasi. Mchwa waliila baadaye na sikulia, maana haikuwa na kitu nilichokitaka.

Wakati anafunga vitu vyake nilimfuata. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Nikapiga goti, siku hiyo nilipiga, nikamwambia, "Baba, ni mimi. Nilikataa kuamkia, akashuka kunifundisha. Ningepiga goti yeye angesimama."

Akaniinua. Akasema, "Hapana mwanangu. Angeamkia tu, wewe ungepiga goti au usipige. Mimi nilimsikia. Nilikuwa katikati ya kuhesabu, nikaogopa nikifungua mdomo picha itatikisika. Ningesema marahaba, angeinuka."

Akamaliza kukaza kamba, kisha akaongea tena, nadhani alikuwa anajisemea mwenyewe. "Watu wote hawa nimewapiga, wa ngoma, wa pamba, wa mgodini. Wote wanatazama sanduku. Mama yako ndiye aliyejua kwamba nimo."

Aliniambia ile karatasi ya kwanza ya picha yetu, ile ambayo weusi ni weupe, anayo kwenye bati lake la kutunzia picha na hataitupa. Sikumwona tena.

Sasa wakuu, shida yangu ni hii.

Majina yote niliyowatajia hapo juu ninayo. Naweza kuwatajia na wachezaji wa mbina ya mwaka ule mpaka mchoke. Lakini uso wa mama umeondoka. Haukuondoka siku moja. Nilipoolewa nilikuwa bado nao. Nilipozaa mtoto wa tatu nikagundua naona macho tu. Baadaye ikabaki sauti tu. Sasa sauti nayo siiamini.

Mdogo wangu Limi alikuwa akisisitiza mama alikuwa na mwanya. Mimi nasema hakuwa nao. Tulibishana miaka na miaka, siku nyingine tukanuniana kabisa. Limi amefariki mwaka juzi, na ningempa huo mwanya leo kama angekuwepo. Mabula alishatangulia, Jilala pia. Duniani nimebaki mimi peke yangu niliyewahi kumwona Ngolo, na mimi simkumbuki.

Nilichojifunza nawapa bure. Mna simu, kila mtu anayo. Mpige mama yako picha, lakini kwanza msalimie, au kama yeye ndiye anakusalimia, mwitikie, umngoje ainuke. Picha inaweza kutikisika kidogo, haidhuru.

Na kama kuna mkuu humu ambaye babu yake alikuwa fundi picha wa Tabora, mwenye baiskeli na mguu mmoja unaoburuta, naomba aangalie kwenye mabati yake ya zamani ya picha. Inawezekana siku zile pale Kishapu, kwenye ngoma au sokoni, alimpiga mama yangu kwa bahati, yumo katikati ya watu, amesimama. Kilemba chake kilifungwa fundo upande wa kulia. Mtoto mgongoni. Nikiuona uso nitaujua, hilo nina hakika nalo.

Wengine pia andikeni, nitasoma yote. Niambieni na ninyi mna picha gani, na nani hayumo.

Wande ananiuliza kwa nini kila asubuhi naitoa hii picha na kuongea nayo. Nilikuwa simwambii. Mama kwenye picha hii ni binti mdogo, hajafika hata miaka thelathini. Mimi sasa ni mkubwa kwake mara tatu. Yuko chini, ameamkia, na humu pichani tangu siku ile bado hajaitikiwa.

Najua mtoto hamwambii mama yake marahaba. Mimi nasema kwa niaba ya Fundi. Nasema taratibu, mara moja.

Halafu nakaa kidogo, nampa nafasi ya kuinuka.