Siku Niliyompeleka Baba Kucheza Gofu

Mlinzi wa lango kuu alimpigia baba saluti, na baba akageuka kutazama nyuma ya gari aone ni nani anayepigiwa. Hapakuwa na mtu. Nilimwambia ni yeye. Akainua mkono nusu, akaushusha, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba enzi zake hakuwahi kulipita lango hili. Wafanyakazi waliingilia nyuma, karibu na jaa.

Baba alikata nyasi katika uwanja ule wa gofu tangu mimi sijazaliwa mpaka alipostaafu. Ni uwanja wa hoteli ya kifahari, upande wa pwani ya kaskazini, ambako wageni hulala, hula, hucheza na kuondoka bila kujua kama kuna mahali panaitwa Kisauni. Nyumbani kwetu Utange tulikuwa tukimjua kwa harufu. Akirudi jioni alinukia nyasi mbichi na petroli, na mama hakumruhusu kukalia kiti cha kitambaa mpaka aoge. Alikata, alimwagilia, alisawazisha mchanga wa yale mashimo yanayomeza mipira ya wageni. Lakini kupiga mpira, hata mmoja, hakuwahi. Sijui kama ilikatazwa. Nadhani hakuna aliyefikia hata kuuliza.

Mimi gofu niliijulia kazini. Nipo ofisi ya kampuni ya malori huko Changamwe, na mkubwa wetu aligundua kwamba wateja wazito huzungumza vizuri zaidi wakiwa na fimbo mkononi kuliko wakiwa mezani. Akatupeleka baadhi yetu kujifunza. Wenzangu wengi waliacha baada ya malengelenge ya kwanza. Mimi nikaupenda mchezo mpaka mume wangu akaanza kulalamika. Mwaka jana nikapata zawadi katika mashindano ya makampuni: mzunguko mzima wa mashimo kumi na manane kwa watu wawili, pamoja na chakula cha mchana, katika hoteli ileile. Machozi yalinitoka mbele ya watu. Sikuwa na haja ya kujiuliza nitakwenda na nani.

Nilimnunulia baba fulana yenye kola, suruali nyepesi na viatu vya gofu. Jumapili mbili tatu nilimleta kwangu Kiembeni nikamfundisha uani kushika fimbo na kuzungusha mabega. Alifuata kila nilichomwambia, akicheka kidogo, na mimi nikadhani anafurahi.

Pale mapokezini msichana alituuliza jina, akatukabidhi funguo za kigari cha umeme, akamwita baba "bwana". Baba alisema ahsante kwa kila kitu: kwa funguo, kwa chupa za maji, kwa kufunguliwa mlango. Kwenye shimo la kwanza nilitangulia mimi kupiga, mpira ukaenda safi, katikati kabisa. Kisha yeye akasimama, akakunja magoti kama nilivyomfundisha, akapiga. Fimbo ilipita juu ya mpira. Akapiga tena, ikachimba ardhi na kung'oa pande la udongo lenye nyasi zake.

Badala ya kupiga mara ya tatu, alilifuata lile pande, akaliokota kwa mikono miwili, akalirudisha mahali pake, akalikandamiza kwa kiganja. Kisha akaona mapande mengine yaliyong'olewa na watu waliotutangulia, akaanza kuyarudisha na hayo. Nilimwambia kuna watu wa kazi hiyo. Akasema anajua.

Nyuma yetu kikafika kikundi cha wanaume wanne. Baba alipowaona tu, alivua kofia akasogea pembeni, akawaashiria wapite.

"Baba, ni zamu yetu," nikamwambia.

"Wapishe, mwanangu. Ni wageni."

"Sisi pia ni wageni leo."

Alinitazama kama anayesikiliza hesabu asiyoielewa. "Sawa," akasema. "Lakini wapishe."

Wakapita. Mmoja wao alinitikisia kichwa kwa adabu. Hawakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniudhi. Sikuwa na wa kumkasirikia.

Shimo la pili nilijituliza. Nilisema moyoni kwamba ni woga wa mwanzo na utamtoka. Tulipofika kwenye grini, pale penye nyasi fupi kama zulia ambapo ndipo shimo lenyewe lilipo, mpira wangu ulikuwa karibu sana. Nikaona nimpe baba nafasi ya kujivuna kidogo. Nikamwuliza ardhi inainamia wapi. Uso ukamchangamka. Akaniambia hapa maji ya mvua huelekea baharini siku zote, nisidanganywe na macho, nipige kulia kwa shimo, mpira utarudi wenyewe.

Nikapiga kulia. Mpira ukaenda kulia, ukazidi kwenda kulia, ukatoka kwenye grini ukaingia kwenye mchanga.

Nilitaka kucheka, kisha nikamtazama. Alikuwa amepiga magoti anapapasa nyasi kwa vidole. Aling'oa unyasi mmoja akautafuna, akautema. "Hii si nyasi yetu," akasema. "Wameing'oa yote. Na udongo wameuinua." Nilimweleza kwamba viwanja hurekebishwa, kwamba ni kawaida, pengine walileta wakandarasi baada ya yeye kuondoka. Akasema bila shaka. Lakini tangu hapo alikuwa hayupo nami tena. Katika kila shimo lililofuata aliharakisha kufika kwenye grini, si kwa ajili ya mpira wake, ambao mara nyingi aliuokota akautia mfukoni, bali aiguse nyasi aone kama na hapo wamebadilisha. Walikuwa wamebadilisha kila mahali.

Na mimi mchezo ukaniharibikia. Anayecheza gofu ataelewa: hasira ikishaingia mabegani huwezi kuitoa kwa kuiambia itoke. Nilipiga mipira iliyoruka chini kama kwale. Nilipiga mmoja mwituni, mwingine kwenye mti. Kila nilipojiandaa baba alikuwa anawasalimia wafanyakazi waliokuwa wakifyeka kando, na kila kikundi kilichotokea nyuma yetu alikipisha. Wenzi wawili wa Kizungu, akawapisha. Wanawake watatu waliokuwa wakizungumza zaidi ya kucheza, akawapisha. Jua lilikuwa limeshatupanda kichwani na hatukuwa tumefika hata nusu.

Msimamizi wa uwanja akaja na kigari chake. Alikuwa kijana wa bara, mwenye miwani ya jua. Alizungumza kwa heshima, siwezi kusema vingine. Alitueleza kwamba tumebaki nyuma sana na tunazuia watu, kwa hiyo tuyaruke mashimo mawili tukaanzie la mbele. Nikamwambia tumebaki nyuma kwa sababu tumepisha vikundi vyote hivyo, na kama kuna wanaostahili kulalamika ni sisi. Akasema anaelewa, lakini utaratibu ni utaratibu. Nikamwambia mzunguko huu ni zawadi yangu, mashimo yote, na hakuna lolote nililosaini linalosema niyaruke. Sauti yangu ilikuwa imepanda.

Hapo baba akashuka kwenye kigari. Akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono yote miwili.

"Tusamehe, mkubwa," akasema. "Kosa ni letu. Tutaruka."

Yule kijana alifadhaika. Nilimwona. Alimwita baba "mzee wangu", akasema hakuna neno, akaondoka haraka kuliko alivyokuja. Mimi nilibaki nimekaa na usukani mkononi. Nilihisi kama nimevuliwa nguo hadharani, na aliyenivua ni baba yangu mwenyewe.

"Kwa nini umemwita mkubwa?" nikamwuliza. "Anaweza kuwa mjukuu wako. Mimi ndiye niliyekuleta hapa, Baba, nimekuleta ukae kama watu, na wewe tangu asubuhi unawapisha watu na kuwavulia kofia."

Sikuwahi kumsemeza hivyo maishani. Alirudi kwenye kiti chake taratibu, akaivaa kofia, akanyoosha kola.

"Kule kupisha," akasema, "ndiko kulikokusomesha."

Hakulisema kwa ukali, wala hakulisema kunifunza. Alilisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake njia ya kwenda sokoni. Nilijua ni kweli, na kujua hakukunisaidia kitu. Niliendesha mpaka shimo la mbele, nikapiga mpira ukaingia kwenye bwawa, nikachukua mwingine nikaupiga ukaufuata mwenzake.

Baada ya hapo nilicheza mimi peke yangu, kama naweza kuuita mchezo. Yeye alibaki kwenye kigari. Nilipomwuliza kama amechoka alisema hapana. Tulipokaribia jengo la chini lililofichwa nyuma ya mivinje, akanigusa mkono akaniomba nisimame kidogo. Lilikuwa banda la mashine. Alitaka tu, alisema, kumwuliza mtu mmoja habari ya nyasi.

Mtu huyo alikuwa mzee mwenzake, mnene, mwenye ndevu zenye mvi, ambaye siku hizi ndiye msimamizi wa banda. Alipomwona baba katika fulana yake nyeupe alidhani ni mgeni wa hoteli aliyepotea, akaanza kumwelekeza njia. Baba akamwita kwa Kigiriama. Yule mzee alitupa kitambaa alichokuwa akifutia mafuta, akamkumbatia, akamsukuma mbali amtazame, akamkumbatia tena. Wakatoka wengine. Nikaenda kuwaamkia mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, na kila mmoja akaniambia alinijua nikiwa mdogo.

Nilimkumbusha baba kwamba chakula chetu kiko mezani na saa ya chakula ina mwisho. Akasema twaja. Alikaa juu ya gurudumu la trekta, akavua viatu. Ndipo nilipoona vidole vyake vimevimba, na cha mwisho kimechubuka mpaka damu imeingia kwenye soksi. Viatu vile vilikuwa vinambana tangu tulipoondoka Utange.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Ulivinunua kwa furaha sana," akasema, kisha akageukia wenzake wakaendelea na nyasi.

Waliizungumza nyasi ile kama watu wa kwetu wanavyozungumza ndoa iliyovunjika. Waliolaumiwa walilaumiwa, waliotetewa wakatetewa. Nyasi mpya ilitoka ng'ambo, ilikunywa maji kupita kiasi, ilishika ugonjwa mvua zikizidi. Wengine walisema ni nzuri, hukatwa kirahisi. Baba aliuliza, akabisha, akapiga paja, akacheka hadi akakohoa. Siku nzima sikuwa nimemsikia akicheka. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, katika sketi yangu ya gofu, nikiangalia saa na kuwaza ile meza yenye kitambaa cheupe inayotazama bahari. Nilimkumbusha tena. Twaja, akasema. Sikumkumbusha mara ya tatu.

Mwishowe wao wakaipua chakula chao. Sima, mboga ya mchunga, na papa mkavu aliyeungwa kwa nazi. Walininawisha mikono wakanipa nafasi kwenye sinia. Nilikuwa na njaa ya kutetemeka, na chakula kilikuwa kitamu, na nilikasirika kwa kuwa kilikuwa kitamu. Mmoja wao aliniuliza mchezo ulikwendaje. Nikasema ulikwenda.

Tulirudisha kigari alasiri. Msichana wa mapokezi alisema walitusubiri kwa chakula, na kwa masikitiko muda umepita, lakini angeweza kuulizia kama tungependa. Baba alisema ahsante, tumeshiba. Alikuwa amesimama kwenye sakafu ile ya marumaru pekupeku, viatu mkononi, na msichana alijitahidi sana asiviangalie. Mimi nilisaini palipokuwa pa kusaini.

Garini alilala kabla hatujatoka kwenye barabara kuu. Mdomo wazi, mikono juu ya mapaja, kama nilivyozoea kumwona kwenye mkeka zamani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia njiani. Nilitaka kumwambia kwamba ile ilikuwa siku yake na ameitupa, na kwamba ilikuwa yangu pia. Nilikwenda nayo kichwani mpaka Utange, sikuyasema, na sijui kama kutoyasema kulikuwa heshima au uchovu tu.

Mama alitupokea mlangoni, akaviona vile vidole, akaenda kuchemsha maji ya chumvi bila kuuliza. Baba akiwa ameloweka miguu kwenye beseni alimhadithia siku nzima: nani bado yuko bandani, nani amefiwa, nani amepandishwa cheo, nyasi ya ng'ambo. Habari za gofu alizifupisha. Alimwambia mama kwamba mimi napiga mpira vizuri, unaruka mbali, ila nina haraka.

Niliaga nikaenda zangu kwangu, nikakaa na mume wangu jikoni nikimlalamikia mpaka chai yake ikapoa.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja baada ya ibada baba aliniita kando, uani mwa kanisa. Nikaitika abee. Akaniuliza kama kampuni yetu bado hucheza mashindano, na kama mtu anaweza kupata ile zawadi tena. Nikamwuliza kama anataka kujaribu upya, safari hii na viatu vya saizi yake.

Akatabasamu kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akasema yeye hana haja ya kucheza. Ila mvua zimeshanyesha, na angependa kujua ile nyasi imestahimili vipi. Nilimjibu kwamba nitaangalia. Bado ninaangalia.