Ngome Aliyoigusa Norayr

Kuanzia Machi hadi Oktoba, Norayr Meliksetyan hakucheza sataranji hata mara moja. Mtu aliyeishi kwa mchezo huo tangu ujana alikaa nyumbani kwake mjini Gyumri akimenya viazi, na hakuwa mgonjwa. Alikuwa analinda alama zake. Kanuni iliyotangazwa Januari ilisema kwamba mchezaji atakayekuwa na alama nyingi kuliko wote mwisho wa mwaka atapata nafasi ya mwisho kwenye mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia. Norayr alikuwa juu, akimzidi wa pili kwa alama tatu. Anayecheza anaweza kupoteza. Asiyecheza hapotezi kitu.

"Bado unatamia?" kinyozi Rubik alimuuliza kila alipokwenda kunyolewa. "Vifaranga lini, kaka?"

"Desemba."

"Basi usiinuke ghafla, utayavunja mayai."

Kukaa kule hakukuwa na heshima. Lakini kanuni iliruhusu, na aliyeifuata hakustahili yaliyokuja. Oktoba shirikisho la dunia liliandika kwamba asiyecheza michezo thelathini kati ya Juni na Desemba hatahesabiwa. Norayr alilalamika kwa kurasa nne. Akajibiwa kwa mistari miwili: kanuni ni ya wote.

"Wamebadilisha sheria mtu nimeshafika katikati ya njia!" alimwambia mkewe, Shushanik.

"Kufika? Wewe ulikuwa umeketi," mkewe akamjibu.

Mashindano ya nje yalikuwa yameshajaa. Ndipo afisa mmoja wa sataranji kutoka mji mkuu, Yerevan, aitwaye Zaven, alipopanga wachezaji watatu wastaafu wa Gyumri, kila mmoja acheze na Norayr mara kumi. Alama za wazee hao zilikuwa chini mno, hata sare moja ingemwondoa juu, kwa hiyo wazee walipaswa kushindwa yote.

"Wanajua cha kufanya," Zaven alisema. "Wewe kusanya sahihi zao kwenye karatasi za matokeo tu."

Wawili wa kwanza waligawa malkia wao kama peremende za harusi. Norayr alipokea, akatia sahihi, akaenda kunawa mikono kila mara. Wa tatu alikuwa mwalimu wake, Baruyr Aghababyan, aliyemfundisha tangu ana miaka saba, na aliyekuwa akimchapa vidole kwa penseli akigusa kete kisha akaiacha. "Ukiigusa, ni yako."

Mwalimu alishindwa mara sita. Mchezo wa saba ukamnogea, akasahau kucheza vibaya. Norayr naye, aliyezoea ushindi wa bure, alinyoosha mkono bila kufikiri, akashika kete yake ya ngome. Hapo akaona: popote atakapoipeleka, mfalme wake amekwisha. Akaiachia.

Mwamuzi alikuwa nje anavuta sigara.

"Sikuona kitu," mwalimu alisema, macho dirishani.

"Umeona, mwalimu."

"Nina miaka sabini na moja, naona ninachotaka. Sogeza farasi, mwanangu, tumalize. Uji wangu wa harisa unapoa nyumbani."

Norayr alivitazama vidole vyake. Tangu Oktoba alikuwa akiwatukana watu waliobadilisha sheria katikati ya safari. Sasa aliyemfundisha sheria ya kugusa alikuwa anamsihi aivunje. Akaishika tena ngome, akaisogeza, akabonyeza saa.

"Haya, nifunge."

"Sikufungi." Mwalimu akakunja mikono kifuani. Saa yake ilikuwa na dakika kumi na moja. Zikiisha, yeye ndiye aliyeshindwa.

"Mwalimu, cheza."

"Nimekuja hapa kushindwa. Usinifundishe kazi."

"Ni hatua moja tu!"

"Kaa kimya. Kaa tu hapo."

Dakika zikaenda. Nafasi aliyoitamani tangu utotoni ilikuwa inamjia, na hakutakiwa kufanya lolote ila kukaa, kama alivyokaa miezi saba. Zikabaki mbili. Ikabaki moja. Norayr akamlaza mfalme wake ubaoni, akatoa mkono.

"Mpumbavu wewe," mwalimu alisema. Aliushika ule mkono, wala hakuuachia.

Mwamuzi aliingia na harufu ya tumbaku, akauliza nani ameshinda.

"Mwalimu," Norayr alijibu, akavuta karatasi ya matokeo atie sahihi.

Michezo mitatu iliyobaki haikuchezwa, na nafasi ilikwenda kwa mwingine. Ushindi ule ishirini na sita wa kupewa umebaki kwenye jina lake hadi leo, wala hajawahi kumtaka mtu aufute. Ulio safi ni ule mchezo mmoja alioshindwa.